Likizo Iliisha, Ugonjwa Ukaanza

Asubuhi likizo yangu ilipoisha, mke wangu Sahra alikuwa ameketi sakafuni akikunja nguo za mtoto. Alikunja fulana ndogo, akaiweka juu ya nyingine, akaitazama, akaikunjua, akaanza upya. Mimi nilikuwa nimeshavaa ovaroli, begi la spana begani, nikingoja tuagane. Nilimwita, hakuinua kichwa. Nikamwita tena, akajibu mbiombio, kama mtu anayeongea na mwingine kwenye simu: "Nenda, nenda, wewe nenda tu, mimi najua la kufanya." Mtoto alikuwa amelala kando yake. Sahra mwenyewe hakuwa amelala tangu juzi.

Nilitoka. Hadi kwenye geti la ofisi nilikuwa naogopa, na sikujua naogopa nini.

Jina langu ni Abdullahi. Ni fundi wa jenereta za visima, nimeajiriwa hapa Garissa. Sahra ni mwalimu wa shule ya msingi. Wakati tulipohitaji kusikia neno kutoka kwa mtu aliyepitia jambo hili, hatukumpata hata mmoja. Baadaye nilikuja kujua kwamba walikuwepo, tena majirani, ila walikuwa wamenyamaza. Ndiyo maana naandika. Kama ni wewe umeketi kwenye benchi la hospitali sasa hivi, na mkeo au binti yako amejifungua juzi na macho yake hayakutambui, soma polepole. Elimu ya daktari sina. Nitakueleza tuliyoyaona.

Ikram, binti yetu wa kwanza, alizaliwa mwanzoni mwa jilaal, kile kiangazi chetu kirefu kinachofuata mvua fupi. Mwaka huo mvua fupi zenyewe hazikuonekana. Uzazi ulikuwa mwepesi. Sahra aliingia hospitali asubuhi, kesho yake yeye na mtoto wakawa nyumbani. Kazini nilipewa likizo ya baba, wiki mbili kwa mshahara kamili, na Sahra akaanza miezi yake mitatu ya likizo ya uzazi kama walimu wengine. Nilijiona mtu mwenye bahati. Kaka zangu wanaofuga ngamia huko Hadado hawana wa kumwomba likizo, na waliponipigia simu walicheka: "Yaani unalipwa kukaa na mwanamke?"

Zile wiki mbili zilikwisha kwa wageni. Nilikodisha viti, nikachinja mbuzi wa akika siku ya saba, nikapokea wazee, nikawasindikiza wazee. Mama mkwe wangu, Hooyo Fatuma, alikuja kutoka Tarbaj na samli yake kumtunza binti yake. Hooyo ni mama, na ndivyo sote tulivyomwita. Kwetu mzazi hukaa ndani siku arobaini. Hupewa supu, hukandwa kwa mafuta, na haachwi peke yake hata kidogo. Kwa hiyo niliamini kwamba hakuna mahali salama duniani kuliko chumba kile.

Lakini kuna vitu nilivyoviona nikavipita. Sahra aliziba dirisha kwa shuka, akasema kuna watu wanachungulia. Mtoto akilala yeye halali. Anakaa wima akimsikiliza anavyopumua. Alizungumza sana, yeye ambaye si msemaji. Halafu ghafla ananyamaza katikati ya neno. "Ni uchovu," alisema Hooyo. "Ni uchovu," nikasema na mimi. Na siku ya kurudi kazini ikafika.

Nilitumwa moja kwa moja upande wa Bura, ile ya Fafi, si ile ya ng'ambo ya mto. Jilaal ilikuwa imechoma kila kitu na visima vilikuwa vinavutwa mchana kutwa na usiku kucha. Jenereta haikuumbwa kwa kazi hiyo. Ya Bura ilikuwa imekufa, na tulipofika tulikuta ngamia wamekaa hadi unaposhindwa kuona mwisho wao, na wenye mifugo wamesimama kimya. Kelele ningeivumilia, kimya kile kilitisha zaidi. Mwenzangu Noor na mimi tuliifungua injini, tukaitandaza vipande vipande juu ya turubai.

Simu ililia mikono yangu ikiwa imejaa oili. Alikuwa Hooyo.

"Abdullahi, njoo."

"Kuna nini?"

"Njoo tu, mwanangu. Sahra alimficha mtoto."

"Alimficha wapi?"

"Ndani ya sanduku la nguo. Nimempata, yuko mzima, analia. Lakini alikuwa ameshafunika kifuniko. Anasema wanakuja kumchukua, ndiyo akamficha. Njoo."

Nilitazama vipande vya injini. Nikatazama ngamia. Siwezi kukueleza vizuri hofu ya aina ile, ya mtu mwenye nyumba inayowaka huku amekaa mahali ambapo watu wengine nao wanakufa kwa kiu. Nilimwambia Noor kwamba mke wangu ni mgonjwa, basi. Hakuuliza ugonjwa gani. Alichukua spana mkononi mwangu, akasema, "Nenda, walaal, ndugu yangu. Hii nitaifunga."

Nilirudi Garissa kwenye lori lililobeba mbuzi, nikiwa nimesimama katikati yao.

Nilipoingia ndani Hooyo alikuwa amesimama na mtoto begani, mgongo wake ukiwa mlangoni, kama mlinzi. Sahra alikuwa amejikunyata pembeni. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomtazama sawasawa tangu mtoto azaliwe. Mifupa ya mashavu ilikuwa imetokeza. Midomo ilikuwa imekauka na kupasuka kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akingoja kisima. Maziwa yalikuwa yanachuruzika kifuani, dera lote limeloa, naye hana habari. Mtoto alikuwa analia kwa njaa hatua chache tu kutoka kwake, wala hakugeuka.

"Sahra," nilisema.

Alinitazama kwa muda. "Wamekutuma?" akaniuliza.

Hooyo aliamini ni jini. Simlaumu, ndilo jina alilokuwa nalo. Tulimwita sheikh wa msikiti wa mtaa wetu, kijana mwenye sauti nzuri, akamsomea Qur'ani kuanzia alasiri hadi magharibi. Sahra alitulia kidogo, kisha akaanza tena kuzungumza na ukuta. Sheikh alipomaliza aliniita uani. "Nimemsomea na nitarudi kumsomea," alisema. "Lakini dada yangu wa Mandera alikuwa hivi hivi baada ya kujifungua. Tulingoja sana. Usingoje. Kesho asubuhi mpeleke hospitali, na mimi nitakuja hapa kumweleza mama yako mkwe." Alikuja kweli, mapema kabla hatujanywa chai, akamweleza kwa upole kwamba dua na dawa havigombani. Hooyo alilia. Kisha akafunga kitambaa chake kichwani akasema, "Basi twende wote."

Kliniki ya wagonjwa wa akili ilikuwa mwisho wa uwanja wa hospitali. Nakwambia hilo kwa sababu hakuna atakayekutahadharisha. Unapita benchi la macho, unapita benchi la meno, unapita kina mama wa chanjo, na kila unapopita watu wanakuhesabia njia: hawa wanaenda wapi? Ukishavuka mlango wa mwisho, wanajua. Nilimwona mwanamke wa mtaani kwetu kwenye foleni ya chanjo. Alituona. Hooyo alivua shali yake akamfunika Sahra kuanzia kichwani, akatembea upande wa wale watu ili waone uso wake yeye. Mwanamke mzima wa Tarbaj, aliyekuja na samli, alijifanya ni yeye ndiye mgonjwa.

Tulikaa. Feni ilikuwa inazunguka na kila ikizunguka Sahra aliinama kuikwepa. Alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu hadi vidole vyangu vikafa ganzi. Nilijipa kazi ya kumwonyesha Ikram vivuli ukutani, mtoto ambaye hata hakuwa anaona vizuri bado. Watu waliingia na kutoka. Kijana mmoja alicheka peke yake muda wote, na mama yake akatugawia maji kwenye chupa bila kusema neno. Ndivyo watu wa benchi lile walivyo. Sijapata kuona benchi lingine lenye adabu namna ile.

Muuguzi aliyetupokea aliitwa Rukia. Aliongea na Sahra kwa Kisomali, akamuuliza jina la mtoto, akangoja jibu hadi likaja. Baada ya daktari kumwona alitutoa nje mimi na Hooyo.

"Huyu atalazwa," alisema. "Nisikilizeni. Hajalaaniwa, na hakuna mtu aliyemfanyia kitu. Ni ugonjwa wa akili unaowapata baadhi ya wanawake wakishajifungua. Unakuja kwa kasi na unatisha, lakini unatibika. Kitu kimoja tu: kwa sasa asiachwe peke yake na mtoto. Hata dakika ya kwenda kuchota maji. Mmenielewa?"

"Na kunyonyesha?" Hooyo aliuliza.

"Kwa dawa hizi, daktari anasema asimamishe kwanza."

Hooyo alishika kichwa. Kwetu kumwachisha mtoto mchanga ziwa la mama ni jambo zito. Alisema basi ataleta maziwa ya ngamia, na sista Rukia, kwa heshima kubwa, akamkatalia, akatuandikia maziwa ya kopo ya watoto wachanga na kutuonyesha jinsi ya kuchemsha chupa. Nilirudi nyumbani jioni ile na mama mkwe, mtoto na kopo. Mkwe na mama mkwe kwetu huheshimiana kwa mbali. Hamkai chumba kimoja mkitazamana. Kuanzia siku hiyo tulikuwa tunapokezana mtoto zamu kwa zamu, kila mmoja na nywele zake timutimu, tukigombana kuhusu joto la maji.

Wodini Sahra alipewa dawa, akalala. Alilala kama mtu aliyeangushwa. Matiti yalivimba yakawa magumu, akilia usingizini, na Hooyo akienda kumkanda kwa kitambaa chenye maji baridi.

Sasa nifike kwenye likizo, maana ndiyo iliyonikosesha raha karibu sawa na ugonjwa wenyewe.

Nilienda kwa bosi wangu, Injinia Mutiso, mtu wa Kitui aliyekaa Garissa miaka mingi. Meza yake ilikuwa imejaa ripoti za visima vilivyoharibika.

"Injinia, naomba siku nyingine. Mke wangu amelazwa."

"Pole sana, bwana. Ana nini?"

"Ni mambo ya baada ya kujifungua."

"Ah, wanawake huchoka sana. Wangu pia." Alivua miwani. "Lakini Abdullahi, ya baba umemaliza. Ya mwaka, nimeagizwa nisiwape mafundi hadi mvua inyeshe. Kuna ile ya dharura ya familia, hiyo naweza kukuombea. Ila watataka karatasi ya hospitali inayosema ni ugonjwa gani. Lete, nitaipeleka mwenyewe."

Nilisema nitaleta. Nikatoka nikasimama kwenye kivuli cha tangi. Karatasi ya hospitali ingekuwa na muhuri wa kliniki ile ya mwisho wa uwanja. Ingepita kwa karani, kutoka kwa karani kwenda kwa mhasibu, na mke wa mhasibu alikuwa anafundisha shule moja na Sahra. Kabla ya swala ya Ijumaa mji wote ungejua kwamba mwalimu Sahra ameingiwa na wazimu. Na miezi yake mitatu ilikuwa inakwenda. Kila siku aliyolala wodini ilikuwa siku ya likizo ya uzazi inayoliwa bila yeye kumshika mtoto wake. Ikiisha kabla hajapona, naye angehitaji likizo ya ugonjwa, na karatasi ni ile ile. Nani angempa mwanamke mwenye karatasi ile darasa la watoto wadogo?

Kwa hiyo sikupeleka chochote. Nilienda kazini mchana, jioni hospitali, na nyumbani chupa za mtoto. Kila simu ilipolia nilishtuka hadi nikadondosha vitu. Siku moja tulikuwa tunajaribu pampu, injini inazunguka, na mimi nikapeleka mkono kwenye mkanda kama mtu anayeota. Noor alinivuta kwa kola tukaanguka wote wawili kwenye vumbi. Alinitazama, akafuta mchanga mdomoni.

"Wewe utakufa," alisema. "Halafu huyo mgonjwa atatunzwa na nani?"

Jioni hiyo nilimkuta Sahra ameketi kitandani, amesukwa nywele na Hooyo. Macho yalikuwa mazito lakini yalikuwa yake. Alinitambua tangu mlangoni. Nilitaka kufurahi nikaona aibu, nikakaa tu. Baada ya muda nikamweleza habari ya ofisi na ile karatasi.

Alisikiliza. Ulimi wake ulikuwa mzito kwa dawa, maneno yakitoka moja moja. "Ukiwaambia, atakayeangaliwa ni nani? Wewe?"

"Ni wewe."

"Basi usiseme. Bado mimi mwenyewe sijajua ni nini."

Ningeweza kusema bila kumwambia. Niliwaza hivyo njia nzima. Lakini jambo lile halikuwa mali yangu.

Kesho yake niliingia kwa Injinia Mutiso, nikafunga mlango nyuma yangu, kitu ambacho hakuna anayekifanya pale kwa sababu ya joto. Nilimwambia, "Injinia, siwezi kukuletea karatasi inayotaja ugonjwa. Mwenyewe hajaniruhusu. Ninachoweza kukuambia ni kwamba atatoka hospitali wiki hii, na nikiwa Bura au mbali zaidi, mtoto wangu atakuwa kwenye hatari. Hatari ya kweli. Mama mkwe ni mmoja, na yeye pia lazima alale."

Nje mtu alikuwa anapiga nyundo kwenye bomba. Injinia aliangalia mlango uliofungwa, kisha mikono yangu, na nadhani wakati huo alielewa, kwa sababu uso wake ulibadilika na hakuuliza tena.

"Bila karatasi, likizo siwezi kukupa," alisema. "Sina. Lakini karakana ya hapa mjini iko chini yangu. Utatengeneza zinazoletwa. Safari atakwenda Noor na yule kijana mpya. Saa sita uende nyumbani ukale, na usiporudi haraka sitatoka kukutafuta." Alivaa miwani. "Mvua ikinyesha utachukua ya mwaka. Yote."

Nilimshukuru. Alijifanya anasoma ripoti.

Jambo moja nililijua nikiwa nimechelewa. Nilipomsimulia sista Rukia, alishangaa. "Kwa nini hukuniuliza? Daktari anaweza kuandika kwamba amelazwa kwa maradhi ya baada ya uzazi, na anahitaji mtu wa kumtunza. Si lazima aeleze zaidi. Wengi tunawaandikia hivyo." Aliniletea karatasi ya namna hiyo kutoka kwa daktari, nikaipeleka, ikapokelewa bila maswali, nikapewa siku chache za dharura. Kwa hiyo wewe uliye kwenye benchi, uliza mapema. Uliza siku ya kwanza kabisa.

Sahra alirudi nyumbani jilaal ikiwa kwenye ukali wake. Usidhani kutoka hospitali ndiyo kupona. Dawa zilimnenepesha uso, zikamfanya atembee kama mtu aliyevaa viatu vya mwingine. Mkono ulitetemeka. Alishika kalamu ya kuandika jina lake ikaenda upande. Nywele zilikatika zikabaki kwenye kitana. Alimtazama Ikram akinywa chupa mikononi mwa Hooyo, akauliza, "Ananijua?" Tukajibu sote kwa pamoja, kwa sauti kubwa kupita kiasi, kwamba anamjua.

Siku arobaini zilipita bila mtu kuzitaja. Kwa kawaida siku ya arobaini mzazi hutoka, huvalishwa, watu hula. Sisi tulikula mchele tukalala.

Ugomvi ulikuwepo. Hooyo alichukia kuona binti yake analala mchana kutwa, na nikagundua kwamba amemnyima dawa mara moja, kisha mara ya pili. Nilimpigia kelele mama mkwe wangu. Uani, majirani wakisikia. Hakunijibu, aliingia ndani akachukua kile kipakiti cha dawa akakitia kwenye kanzu yake, na tangu hapo akawa yeye ndiye anayempa, kwa saa, kama swala. Dada yangu mkubwa naye alikuja akanishauri kwa siri nimpeleke Sahra kwao Tarbaj apumzike, na mimi nitafute "mtu wa kunisaidia nyumbani." Nilijua maana yake: mke wa pili. Nilimtolea viatu vyake mlangoni.

Lakini hofu haikunitoka. Saa sita nilipokuja kula sikugonga. Nilisimama nje ya mlango nikisikiliza. Nikisikia mtoto analia niliogopa. Nikisikia kimya niliogopa zaidi. Siku moja mlango ulifunguliwa ghafla, Sahra akawa amesimama mbele yangu.

"Kila siku unasimama hapa," alisema. "Naona miguu yako chini ya mlango."

Nilirudi hatua moja nyuma.

"Usiache," alisema. "Lakini gonga."

Mvua ya gu, ile ndefu inayovunja jilaal, ilinyesha. Ilikuja vibaya, ikafunga barabara, ikajaza mashimo. Injinia alitimiza ahadi, nikachukua likizo yangu ya mwaka, na safari hii hapakuwa na viti vya kukodi. Nilikuwa naosha chupa. Nilimbeba Ikram hadi dukani, na wanaume kwenye kibanda cha chai wakaniita "Hooyo Abdullahi." Waliponizoea wakaacha. Sista Rukia alisema Sahra anaweza sasa kumwogesha mtoto, mmoja wetu akiwa chumbani. Siku ya kwanza tulisimama sote wawili, mimi na Hooyo, tumeinama juu ya beseni, hadi Sahra akasema, "Mnaniziba mwanga."

Miezi mitatu ilikwisha akiwa bado hawezi kusimama mbele ya darasa. Nilijitolea kupeleka karatasi shuleni, ile isiyotaja kitu. Alikataa. Alivaa vizuri, akafunika mkono wake unaotetemeka ndani ya shali, akasema nimsindikize hadi ofisi ya mwalimu mkuu na niketi, nisiongee.

Mwalimu mkuu, Madam Kerubo, alimkumbatia, akaulizia mtoto. Sahra alingoja hadi akamaliza.

"Madam, nilipata ugonjwa wa akili baada ya kujifungua. Nililazwa. Natumia dawa. Naomba likizo ya ugonjwa hadi muhula ujao. Karatasi hii haijaandika hivyo, lakini mimi nimeona nikuambie mwenyewe kabla hujaambiwa."

Mimi nilijishikilia kitini nisiingilie.

"Ningejua mapema ningekuja kukuona," Madam Kerubo alisema. "Muhula ujao nikupe darasa gani? Lile lako lina watoto wengi, litakuchosha."

"Nipe lile lile."

Alimpa dogo zaidi. Sahra alikasirika njia nzima, na mimi nilifurahi kumwona amekasirika kwa jambo la kawaida.

Aliporudi kazini si wote waliompokea. Mzazi mmoja alimhamisha mtoto wake mkondo mwingine, akaeleza sababu mbele ya watu. Sahra aliingia chooni akakaa humo hadi kengele, kisha akaenda kufundisha. Mwezi huo huo mwalimu mwenzake alimfuata nyuma ya madarasa, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba naye, mtoto wake wa pili, hivyo hivyo, na hajawahi kumwambia mtu.

Bado tunaenda kliniki. Tunapita benchi la macho na la meno, na shali ya Hooyo haitumiki tena kufunika mtu. Dawa zimepunguzwa, hazijaisha. Daktari ametuambia tukitaka mtoto mwingine tuje kwanza tuzungumze, na jambo hilo tumeliweka mahali, hatujalifungua. Nikiwa mbali kazini na simu isishike mtandao, bado hutembea huku na huko nikiutafuta. Sitakudanganya kwamba hofu hiyo inaacha.

Nilipomaliza kuandika nilimpa Sahra asome. Alisoma akiwa ameketi uani, mguu mmoja juu ya mwingine, akinirekebishia maneno kama anavyowarekebishia watoto wa shule. Alipofika mwisho alirudi nyuma kurasa kadhaa, akatafuta kitu.

"Kuna neno umeliacha," alisema.

"Lipi?"

"Wodini. Siku ulipomleta Ikram nimwone. Nilikuambia nini?"

Sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimedhani yeye amesahau.

"Nilikuambia huyu si mtoto wangu, mrudishe ulikomtoa. Liandike."

"Sahra, watu watasoma. Ikram mwenyewe atakuja kusoma."

"Na kuna mwanamke atasoma ambaye amelisema leo asubuhi, na anadhani hakuna mama mwingine aliyewahi kulisema." Alinirudishia karatasi. Ikram alikuwa ametambaa hadi kwenye ndoo ya maji, amejiloweka mikono yote miwili, na Sahra akainuka kumfuata.

"Andika," alisema akiwa amenipa mgongo, "na useme huyo mama ndiye huyu."

Nimeandika.